Siku Fimbo Ilipokosa Kivuli

Mpwa wangu aliniachia fimbo ya mita moja na kaye, daftari lake la shule, na kwa siku tano nilipima kivuli cha jua kwa niaba yake. Kazi hiyo niliiharibu, ikamnyima nafasi yake. Wakati ule niliwaambia watu mambo mengine, ndiyo maana sasa nayaandika yalivyokuwa.

Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Tangu hapo sijamaliza misimu miwili mahali pamoja. Nimepiga kasia Nyangwe, nimesukuma baiskeli zenye magunia ya mchele mpaka Kasongo, nimechimba dhahabu Lusangi. Popote nilipokwenda niliuliza maswali, watu wakanichoka. Mpwa wangu peke yake hakunichoka. Alikuwa binti wa dada yangu wa Kabambare, mwaka wa tano wa sekondari. Nilimuuliza kwa nini mwezi hauanguki, akanijibu kwa kamba na jiwe, akilizungusha uani mpaka kuku wakakimbia.

Mwaka ule, nilipokuwa nikikaa kwao, alichaguliwa kufuata kozi ya fizikia ya juu na elimu ya nyota, iliyofanyika katika shule moja ya kanisa Kasongo. Walikuwa wanafunzi kumi, waliotoka Kasongo na Kabambare. Sehemu ya kwanza ilifanyika wakati wa likizo ya Noeli. Sehemu ya pili ilikuwa ya Pasaka, na ilikuwa ya watano tu. Hao watano wangepewa kitanda katika bweni la shule na kumaliza mwaka wa sita hapohapo Kasongo. Kwa mpwa wangu hilo lilikuwa jambo kubwa. Kule Kabambare mwalimu wake wa fizikia alikuwa ameacha chaki katikati ya muhula akafuata dhahabu Lusangi, na tangu aondoke, saa ya fizikia ilipofika wanafunzi walitumwa kufagia uwanja.

Ili kuchagua watano, mwalimu wa kozi aliwapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja asimamishe fimbo kwao, aipime kwa uzi na jiwe mpaka inyooke. Kwa siku ishirini na tano, kati ya saa sita na saa saba ya mchana, atie alama pale ncha ya kivuli inapofika, kisha aandike kivuli kifupi kuliko vyote vya siku ile na upande kilikolalia. Mpwa wangu alichora safu mbili kwenye kaye: upande wa jiko na upande wa njia. Fimbo aliisimamisha katikati ya uwanja, akaizungushia mawe ili mbuzi wasiiguse.

Siku kumi na tano za kwanza alipima mwenyewe. Kivuli kililala upande wa jiko, na kila siku kilipungua kidogo, chini ya sentimita moja. Kisha dada yangu akashikwa na homa kali, damu ikamwishia. Wakampakia kwenye pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, binti yake nyuma akimshika asianguke. Hospitalini mgonjwa hawezi kukaa bila mtu wa kumpikia na kumfulia, na nyumba ile haikuwa na mwanamke mwingine. Kabla ya kupanda, binti alinipa kaye mimi mjomba wake.

“Muyomba, kama jua haionekani, andika ‘mawingu’. Usiandike kitu ingine.”

“Na kivuli itakuwa namna gani kesho?” nikamuuliza.

“Siwezi kukuambia ile ninangojea. Nikikuambia, macho yako itafuata maneno yangu. Andika ile unaona.”

Siku ya kwanza niliona sentimita mbili na kidogo. Siku ya pili, moja na nusu kasoro. Majirani walinikuta nimechuchumaa juani na rula, wakanifanyia mzaha.

“Weye, unapima kaburi ya nani?” jirani mmoja akapiga kelele kutoka njiani.

“Umuache,” mke wake akasema. “Anangoja fimbo iote majani, apate kivuli ya kulala. Kazi ya mutu hajaoa.”

Nilicheka nao. Siku ya tatu nikaandika sentimita sifuri na milimita saba, upande wa jiko. Nilijivunia zile milimita. Nilikuwa sijawahi kuandika milimita tangu nilipoacha shule.

Siku ya nne asubuhi dereva wa pikipiki alipita. Hakuzima injini. Alisema dada yangu ametiwa damu, lakini hatambui watu, anamwita binti yake kwa jina la mama yetu aliyekufa. “Muombe,” akasema, akaenda.

Saa sita nilikwenda kwenye fimbo. Anga lilikuwa safi, limeoshwa na mvua ya jana yake. Nilitia alama, nikangoja, nikatia nyingine. Kivuli kilijikunja. Ilipofika saa sita na dakika ishirini na kitu, kiliingia chini ya fimbo, kikaisha. Niliizunguka fimbo. Nilipiga magoti nikaweka shavu chini. Uwanja ulikuwa mweupe pande zote, na fimbo imesimama katikati kama kitu kilichovuliwa nguo.

Kwetu, tangu utotoni, mtu akiugua tunafundishwa kutomkanyaga kivuli chake. Bibi zetu walisema mgonjwa anayekwenda, kivuli chake humtangulia. Ukimtoa nje ukaona chini yake hakuna kitu, usipoteze dawa. Mimi niliyekuwa nikijidai mtu wa kuuliza sikuuliza kitu siku ile. Nilishika kalamu juu ya kaye yenye jina la mtoto wa dada yangu, na dada yangu amelala kule hatambui watu, na mkono ukakataa kuandika kwamba hakuna kivuli. Niliogopa nikiandika itakuwa.

Nikaandika: nusu sentimita, upande wa jiko.

Kesho yake kivuli kilirudi, lakini kwa upande mwingine. Kililala kuelekea njiani, milimita saba hivi. Nilikitazama muda mrefu. Nikikiandika upande wa njia, nitaulizwa kilivukaje bila kupita mahali pasipo na kivuli. Uongo wa jana uliomba mwenzake. Nikaandika tena: nusu sentimita, upande wa jiko.

Siku ya sita mpwa wangu alirudi kwa miguu na kwa kupanda baiskeli za watu. Mama yake alikuwa ameanza kunywa uji. Shangazi mmoja alifika kukaa naye. Binti hakuingia ndani kwanza. Alikwenda kwenye fimbo, kwa kuwa saa sita ilikuwa imekaribia. Alipima, akafungua kaye, akakaa chini pale pale penye vumbi.

“Muyomba. Leo iko sentimita moja na nusu kasoro, upande wa njia.”

“Ndiyo.”

“Na jana iko nusu, upande wa jiko? Uliona na macho yako?”

“Niliona.”

“Unaapa?”

Niliapa kwa kaburi la mama. Mama yake hakuwa ametoka hospitali bado, na niliona bora kuapa kuliko kumwambia nilichokiogopa. Aliniangalia kidogo, akavuta karatasi moja iliyokunjwa mwishoni mwa kaye, iliyojaa hesabu, akaisoma, akaichana. Nilidhani ni karatasi ya zamani.

Alimaliza siku zake na kaye ikapelekwa Kasongo. Dada yangu alirudi, amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Wazee wa kike waliokuja kumsalimu walisema kivuli chake kilikataa kwenda. Nitasema ukweli: kuna siku nilifikiri mkono wangu ulimsaidia.

Kabla ya Pasaka majina matano yalisomwa shuleni. Jina la mpwa wangu halikuwamo. Kaye ilirudi, na mwalimu alikuwa amezungushia wino mwekundu siku zangu mbili za mwisho na kuandika pembeni: “Hizi hazikupimwa. Zilibuniwa.” Binti alimwonyesha mama yake, hakunionyesha mimi; niliichungulia usiku.

Niliazima baiskeli nikaenda Kasongo. Siku mbili njiani, matope mpaka kwenye mnyororo. Mwalimu alikuwa kijana, mpole, ananiita papa kama anavyomwita baba yake. Nilimweleza yote, hata habari ya kivuli na wagonjwa. Hakucheka.

“Kwa hiyo uliiona, papa?”

“Niliiona. Ilikosa kabisa.”

“Wanafunzi wote kumi walikuwa na jua safi wiki ile. Tisa walileta siku moja bila kivuli, na kesho yake kivuli imegeuka. Kwa siku ile mutoto anaweza kupata nyumba yake iko umbali gani na Ikweta. Kazi yote ilikuwa kwa siku ile moja. Nilifikiri alikaa nyumbani akabuni. Mutu anabuni vipimo, siwezi kumuchukua.”

“Sasa unajua ni mimi.”

“Sasa ninajua.” Alinionyesha uwanjani. Msichana mwingine, mwembamba, alikuwa akifua nguo kwenye beseni, akiimba. “Yule ndiye wa tano. Alifika juzi na godoro yake. Nimutoe?”

Nilitazama lile beseni. Mwalimu alinisindikiza mpaka kwenye baiskeli, akanisaidia kutoa matope kwenye breki.

Niliporudi Kabambare nilimkuta mpwa wangu akichambua maharage. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nisije nikakaa nikashindwa. Mikono yake iliendelea kuchambua.

“Ilikosa siku ya ngapi?”

“Ya ine.”

“Saa ngapi?”

“Saa sita na dakika makumi mbili na kitu.”

“Na kitu gani? Tatu? Tano?”

“Sikuangalia vizuri.”

Alitupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. “Siku ya ine. Niliandika vile. Nilikuwa nimefanya hesabu mbele ya kuenda hospitali, nikapata siku yako ya ine. Ile karatasi.” Sauti yake haikupanda. “Nikaichana juu ya kiapo yako. Mwalimu alisema hesabu ikibishana na jicho la mutu mwenye aliona, tupa hesabu.”

Nilimwomba anitukane. Alisema maharage yamebaki kidogo, nimletee sufuria.

Mwaka wa sita hakuuanza. Katika Kabambare hakukuwa na wa kumfundisha, na mama yake bado alihitaji dawa. Wanawake wa jirani walikuwa wakienda Lusangi kutwanga mawe ya dhahabu kwenye vinu vya chuma, naye akasema atakwenda nao. Hawakuijua njia ya mkato kupitia mashamba. Mimi nilikuwa naijua, nimeipita mara nyingi, kwa hiyo ni mimi niliyewatangulia, na yeye alikuja nyuma yangu, kinu kichwani. Njia nzima sikumuuliza kitu.