Kioo Nilichomwonyesha Mwadime

Nilikuwa mtoto wa miaka minane, na kitu nilichokiogopa kuliko giza kilikuwa kioo cha bafuni kwetu Riverdale Park, ughaibuni. Nyanya, mama yake mama yangu, alikuwa ametoka Taita kuja kumlea mdogo wangu Mwadime, na siku ya kwanza tu alikifunika kioo kile kwa taulo. Mtoto asiye na meno akijiona kiooni, alisema, atakuwa bubu. Mama, pamoja na unesi wake wote, hakuthubutu kuliondoa lile taulo. Mimi, kwa kiherehere changu, nililifunua nikamwinua Mwadime ajione. Alicheka mpaka akanicheulia maziwa begani.

Miaka miwili na nusu ikapita, Mwadime hajasema hata neno. Nikajua ni mimi.

Wakubwa walikuwa na maelezo yao. Kwetu Nyanya alisema Kitaita na Kiswahili, na Mama alivichanganya vyote na Kiingereza cha kazini. Mama Divine wa ghorofa ya chini, Mkongo aliyetushikia mtoto Nyanya akienda kanisani, alimwimbia kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa tele. Kwenye ngazi watoto wa Kisalvador walimwita kwa Kihispania. Mwadime alileta kiatu alichoombwa kwa lugha yoyote ile, ila kujibu hakujibu. Mtaalamu mmoja wa kliniki akamwambia Mama kwamba lugha zimemlemea mtoto, achaguliwe moja. Mama akachagua Kiingereza.

"Ni miezi michache tu," alimwambia Nyanya.

"Na mimi nitaongea na nani?"

"Tutaongea akilala."

Basi Nyanya akawa anamlisha kimya, anamwogesha kimya. Nilichanganyikiwa kabisa. Kama kosa ni la kioo, mbona anaadhibiwa Nyanya? Na kama ni la lugha, mbona mimi nilikulia katika hizohizo na kila siku nilikemewa kwa kupayuka? Roho iliniuma, nikamfuata chumba cha kufulia.

"Nyanya, ni mimi. Nilimwonyesha kioo."

Alimaliza kukunja shuka kwanza. "Meno yalikuwa yameota?"

"Bado."

"Yalikuwa yameota," akasema. "Wewe tu hukuyaona. Na mama yako usimwambie, sawa?"

Hapo nikapotea zaidi. Mwenye onyo ndiye huyo anayelikana.

Kiangazi kile, tukiwa mezani, Mwadime alisukuma sahani akasema kwa Kiingereza, sentensi nzima, kwamba ameshiba na anataka kwenda nje. Mama alilia kwa furaha. Nyanya akanigeukia na kuninong'oneza, "Amesema nini?"

Mwaka uliofuata alirudi Taita. Kwenye simu yeye na Mwadime hawakuwahi kuvuka salamu, hadi Nyanya alipofariki.

Leo siamini habari za kioo, wala zile za lugha kumlemea mtoto. Lakini Mama aliziamini zote mbili, na ya kioo aliiogopa zaidi. Nyanya angemwambia nilichofanya, Mama angesadiki papo hapo, na yeye angerudishiwa ruhusa ya kusema na mjukuu wake. Ninapomkumbuka naona aibu, na ninampenda mno. Alijua neno moja tu lingemfungua yeye mwenyewe mdomo, na alijua lawama ingeniangukia nani. Akanyamaza.