Fomu Kumi na Moja za Kuhara

Usiku ule Bi Vifungo hakupata hata lepe la usingizi. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha bintiye, simu mapajani, akiibonyeza kila baada ya muda kuhakikisha haijazimika. Binti alilala chali, miguu imeinuliwa juu ya mito miwili kama nesi alivyoagiza, midomo imepauka. Ilikuwa siku ya ishirini na tatu ya damu. Mara tatu usiku huo mama alikuwa amembadilishia kitambaa, na mara tatu binti alimwomba radhi, kana kwamba amevunja sahani ya mgeni.

"Hujanikosea kitu, mwanangu. Lala."

"Wamesemaje?"

"Bado."

Kamati ya nidhamu ya kiwanda cha nguo ilikuwa imekaa saa tisa alasiri kuamua jambo moja tu: binti apewe ruhusa ya wiki sita au afukuzwe. Akipewa ruhusa, kadi ya matibabu ya kiwanda ingemlipia upasuaji Jumanne. Akifukuzwa, kadi ingekufa siku hiyo hiyo. Kola, shoga wa Bi Vifungo wa miaka mingi, alikuwemo kwenye kamati kama mjumbe wa wafanyakazi, naye aliahidi kutuma ujumbe.

Ujumbe ulifika saa kumi alfajiri. "Bado. Afisa utumishi atasaini saa nne. Njoo unione mimi kwanza."

Bi Vifungo aliusoma mara nne. Hakuipenda ile "mimi kwanza".

Jina hilo la Vifungo alilipata kiwandani hapo hapo, alikoshona vifungo vya mashati miaka kumi na tisa mpaka macho yalipomsaliti. Jina lake la nyumbani hakuna aliyelikumbuka pale. Katika miaka hiyo alijifunza kwamba fomu ya ruhusa ya ugonjwa ina mstari mmoja ulioandikwa "Sababu", na kwamba fomu hiyo hupita kwanza kwa msimamizi, mwanamume mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye huisoma mbele ya mashine zote. Mwanamke mmoja aliwahi kuandika ukweli wake wa kila mwezi. Alitaniwa hadi akahama mji. Tangu hapo wanawake wa mstari wa tatu wa mashine, aliokuwemo Bi Vifungo, walielewana bila kikao wala barua. Wote waliandika kuhara.

Kuhara kulikuwa na baraka zake. Hakuna aliyeuliza undani wake. Msimamizi alisaini upesi, akiishika karatasi kwa ncha za vidole, kisha akaenda kunawa. Mwaka mmoja ofisi iliona kuhara kumezidi mstari wa tatu, ikang'oa tangi zima la maji na kuweka jipya. Wanawake waliangua kicheko mpaka sindano zikavunjika.

Kwa hiyo binti alipoajiriwa, mama alimpa wosia mmoja tu. "Ukizidiwa na mambo yako, andika kuhara. Kingine usiandike."

"Wakiniuliza nimekula nini?"

"Waambie maharage."

Walicheka sana siku ile.

Lakini mambo ya binti hayakuwa kama ya wengine. Siku tano zikawa kumi, kumi zikawa kumi na sita. Damu ilitoka kwa madonge, naye akawa anaokota mabaki ya vitambaa kwenye chumba cha kukatia, maana pakiti ya pedi ya dukani haikumfikisha saa ya chakula. Maumivu yakimshika aliuma kola ya shati analolishona. Kila mwezi aliandika kuhara, siku mbili, siku tatu. Wenzake wakamtania, "Dada, hayo maharage yako yamekuwa mume, hayaachiki!" Ndani ya mwaka mmoja fomu zikafika kumi na moja. Mama aliziona siku zinavyozidi na rangi ya mtoto inavyopungua, akajiambia ni ujana, atazaa, yatatulia. Aliona kila kitu, na bado akamwacha.

Mwezi uliopita binti alianguka juu ya mashine. Stuli yake ilibaki imelowa. Daktari alisema ni uvimbe wa aina isiyoonekana mara nyingi, haukukaa ndani ya kizazi bali umejipenyeza kwenye nyama ya ukuta wake, na damu iliyobaki mwilini haikufika nusu. Apumzike, aongezewe damu, apasuliwe. Akaandika barua.

Afisa utumishi, mwanamke kijana mwenye miezi minane tu kazini, aliipokea barua ile, akafungua faili, akazipanga zile fomu kumi na moja kando yake. "Hizi zinasema kuhara. Hii inasema kizazi. Niamini ipi?" Kanuni za kiwanda ziko wazi: anayetoa sababu ya uongo ili apate ruhusa, kazi hana.

Saa tatu asubuhi Kola alikuwa akimngojea kwenye banda la baiskeli, tepu ya kupimia bado shingoni.

"Umekonda, shoga."

"Niambie."

"Nusu ya kamati inamhurumia. Nusu inasema sheria ni sheria. Sasa afisa anataka kujua nani alimfundisha. Anasema mtu habuni jambo kama hilo peke yake mara kumi na moja. Ameagiza mafaili ya mstari wa tatu wote."

"Si mseme! Wewe umeandika kuhara miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili. Ningekuwa nahara kweli, leo ungekuwa unaongea na mifupa."

Bi Vifungo hakucheka. Kola naye akaacha kucheka.

"Ukisema ni sisi sote, tunatoka wanawake arobaini," Kola alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Yule wa mashine ya saba ana mapacha wa miezi minne. Watatufukuza kwa pamoja, na watafurahi, maana wapya wanalipwa kidogo."

"Na wangu?"

Kola aliishika tepu yake kwa mikono miwili. "Nakuomba, mwenzangu. Mimi ndiye niliyekushika mkono siku ulipozaa huyo huyo. Nakuomba."

Ofisini, afisa utumishi aliinuka alipomwona mtu mzima. "Shikamoo, mama. Karibu kiti."

"Marahaba." Bi Vifungo alikaa ukingoni. Ukutani, upande wa pili, alizisikia mashine za mstari wa tatu zikinguruma. "Nimekuja kusema ukweli. Uongo wa fomu ni wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Kwa nini, mama?"

"Aibu."

"Aibu ya nini? Mimi pia ni mwanamke. Angekuja kuniambia."

"Fomu haianzii kwako, mwanangu. Inaanzia kwa msimamizi. Naye huisoma kama anauza samaki."

Afisa aliweka kalamu chini. Uso wake ukalegea. "Wengine wanaandika nini?"

Bi Vifungo aliitazama meza. Palikuwa na karatasi yenye majina ya mstari wa tatu, yote arobaini, na mbele ya kila jina nafasi tupu.

"Ya wengine siyajui. Mimi nilishaondoka."

"Nisikilize vizuri, mama. Kama ni desturi ya wote, naweza kuandika kwamba kosa ni la fomu, si la mtu. Nikalipeleka kwa mkurugenzi. Lakini kama ni binti yako peke yake, mkono wangu umefungwa."

Bi Vifungo alimchunguza usoni kama alivyokuwa akichunguza uzi kabla ya kuupitisha kwenye tundu. Je, yule mtoto wa watu alikuwa anamfungulia njia, au anamtegea mtego? Macho yalikuwa mapole. Lakini macho ya msimamizi pia huwa mapole siku anayomkata mtu mshahara. Na ile karatasi yenye nafasi tupu ilikuwa pale pale, chini ya kiwiko chake. Alifikiri juu ya mapacha wa miezi minne. Alifikiri juu ya bintiye, miguu juu ya mito. Mdomo ulifunguka, ukakaa wazi, na neno lililotoka si lile alilokuwa amelisukuma.

"Peke yake," alisema.

"Una uhakika?"

"Ni mimi na yeye tu."

Afisa aliandika mistari mitatu, akaigeuza karatasi, akamwonyesha pa kutia sahihi kama shahidi. Bi Vifungo alitia.

"Na kadi?"

"Inakoma leo saa kumi na moja jioni. Pole sana, mama."

Alipopita uani, Kola alikuwa dirishani. Aliweka kiganja kifuani kumshukuru. Bi Vifungo aliendelea kutembea.

Nje ya geti alimpigia nesi wa wodi. Nesi hakuwa mkali, alikuwa na wagonjwa wengi tu. Bila kadi, alisema, kitanda cha Jumanne anapewa anayefuata. Binti aandikishwe upya kwenye foleni ya wasio na kadi, ambayo sasa ilikuwa imefika miezi saba.

"Miezi saba anatoka damu?"

"Akizidiwa kabisa mleteni mapokezi ya dharura, mama."

Alipanda ngazi za jengo lao pole pole, akipanga maneno. Ghorofa ya kwanza aliamua kusema kwamba kamati imeahirisha. Ghorofa ya pili aliona huo ni uongo mwingine, na uongo wake ndio uliowafikisha hapo. Ghorofa ya tatu alifika mikono mitupu. Alisimama mbele ya mlango wao, ufunguo kiganjani, akashindwa kuutia.

Ndani alisikia nyayo zikiburuzwa, zikasimama, zikaendelea. Kitasa kilizunguka.

Mlango ulifunguliwa na binti mwenyewe, mkono mmoja ukutani, jasho jembamba kwenye paji la uso. Alikuwa amevaa sare ya kiwanda, ile ya buluu, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni, na viatu miguuni.

"Najisikia nafuu kidogo, mama," alisema. "Nimeona nivae kabisa, wakisema nirudi leo nisichelewe."