Mto wa Pili

Kitu cha kwanza alichokiona Mama Pamba kilikuwa vifungo vya sweta. Vilikuwa vimepishana, cha juu kimeingia tundu la pili.

“Nikajua huyu amevaa huku analia,” anasema.

Ni saa mbili asubuhi. Amekaa kwenye kigoda nyuma ya karakana ya majeneza, anajaza pamba kwenye mto. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ni hiyo: kushona kitambaa cha ndani na mto wa kulazia kichwa. Jina limetokana na pamba hiyo.

Mwenye sweta alikuwa mama wa kigeni. Mwanawe, fundi chuma, alianguka kutoka ghorofa ya tano mwaka jana. Mama alisafiri siku mbili kuja kumzika, na hakujua hata neno moja la hapa.

“Mwambie akae,” alisema seremala, kaka wa marehemu mume wa Mama Pamba.

“Kwa lugha gani, shemeji? Ya misumari?”

Mama Pamba alimfungua mgeni vifungo, akavifunga upya kimoja kimoja. Mgeni akakaa chini, akaomba sindano kwa ishara ya mkono. Wakashona pamoja mto wa kijana.

Walipomaliza, mgeni alishusha kiganja hewani kama anayepima kimo cha mtoto: unaye? Mama Pamba akainua kidole kimoja, kisha akakilaza juu ya jeneza.

“Akanitazama. Halafu akavua kitambaa chake cha kichwa, akakikata kwa mkasi wangu.”

Mfiwa yule, jeneza la mwanawe likimsubiri, alishona mto mwingine mdogo. Akamwekea Mama Pamba mapajani, akaenda kuzika.

Mto huo uko kabatini hadi leo.

“Shemeji, peleka mto wa mtoto kaburini,” seremala anamwambia.

“Nitapeleka.”

“Ulisema hivyo kabla ya mvua.”

Jumapili hii anasema atakwenda, aufukie upande wa kichwa cha binti yake, aliyefariki akiwa na miaka minne.

Anasubiri seremala atoke na randa yake. Kisha anasema, macho kwenye pamba:

“Wote wanadhani nilimshonea mwanangu mto. Siku ya kumzika mkono ulikataa. Nilichukua mto wa mzee mmoja, ndugu zake walikuwa wameurudisha, hawakuupenda. Mwanangu nimemlaza kwenye huo.”