Chupa Isiyojua Jioni

Bado naikumbuka siku ile pale maabara yetu ya Boko, mwanangu, maana nusura nimwage jasho la watu kwenye ndoo.

Tulikuwa tukifuga bakteria wa kijani, wale wa madimbwini. Tuliwapachika jeni ya kung'aa, kisha tukawaweka kwenye chupa, chini ya taa isiyozimwa. Wenyewe hawakudanganyika! Kuelekea jioni wanang'aa, alfajiri wanafifia. Saa wanayo ndani, kwenye jeni zao, viumbe wasio hata na ubongo.

Isipokuwa chupa moja. Mwanga wake uleule kutwa kucha. Mie na ujuaji wangu nikasema hii imeharibika, itatuchafulia kazi. Nikatia klorini kwenye ndoo, nikang'oa kizibo.

"Weka chini!"

Alikuwa Dokta Mwanaidi, mama mtu mzima aliyetufundisha kazi. Hakuwa na kawaida ya kupaza sauti. Nikashtuka, chupa ikataka kuponyoka, ikagonga ndoo, klorini ikarukia mdomo wa chupa. Akaja taratibu, macho kwenye chupa, akanipokonya.

"Tunayo nyingine kama hii?"

"Hatuna, mama."

"Sasa ulitaka kumwaga kitu gani? Unakijua?"

Sikukijua. Nilitamani ardhi inimeze. Maji yakimwagika hayazoleki, nami nilikuwa nimeshainamisha chupa.

Tukawahamishia bakteria wale chupa safi, tukangoja kama watapona. Weee, kila saa nilikuwa naichungulia! Mama hakunigombeza tena, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mwishowe wakakolea kijani. Tulipowasoma jeni za saa, tukakuta herufi moja tu ya maandishi ya jeni imebadilika. Tukawapachika jeni nzima, isiyo na kasoro, na jioni moja chupa ile ikapanda mwanga pamoja na wenzake. Nililia mbele za watu. Kumbe chupa mbovu ndiyo iliyotuonyesha saa imekaa wapi.

Sasa jana ulinipigia simu toka Manzese, ukasema sampuli yako moja imegoma kufuata nyingine, leo unaitupa. Ebo! Umeiuliza kwa nini? Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mie sitakuwepo kila siku kukushika mkono. Usichokielewa usikimwage. Kichunguze kwanza, ukishakijua, kitupe ukitaka, sitakuzuia.

Mungu akupe subira, akuzidishie macho ya kuona walichokidharau wenzio. Klorini ifunike sasa hivi, halafu nipigie.