Gobori la Siku ya Harusi

Harusi ya ukoo wetu ikikaribia, wenzangu hushona nguo, mimi hukosa usingizi. Mpiga gobori ni baba yangu. Bwana harusi akitoka nyumbani kwenda msikitini, lazima bunduki ile kongwe ilie kichochoroni, kwa kibali cha polisi na bila risasi, baruti tupu. Watu huona raha. Mimi huona vidole vya baba.

Mwaka jana alioa mwana wa dada yangu. Wanawake tulikuwa ghorofani, wenzangu wakigombea kioo, nami niko dirishani, naketi, nasimama, naufungua ushungi naufunga tena.

"Kaa kitako, watutia kiwewe," dada yangu akaniambia.

Nikakaa. Nikasimama.

Chini, baba alianza kazi. Utaratibu wake alinifunza mwenyewe nilipokuwa mdogo: pembe moja ya baruti, kisha makumbi ya nazi, kisha unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa mti. Fataki ya kuwashia huja mwisho kabisa. Mdeki una alama ya kisu. Gobori likijazwa sawasawa, alama hulingana na mdomo wa mtutu; baruti ikizidi, alama hubaki nje, na mtutu waweza kumpasukia mpigaji.

Akamimina pembe. Mara akatokea ami, nduguye mkubwa. "Salaam aleikum!" Sasa mtu wa Mombasa haitikii salamu nusu. Hali, watoto, goti la ami linalouma, mke wa ami, hali tena. Ami akapita. Baba akaijaza pembe, akamimina. Akatia makumbi, akashindilia.

"Ametia mara mbili," nikasema. Vigelegele vilikuwa vingi, hakuna aliyenisikia.

Sikumbuki ngazi nilizishuka vipi. Nakumbuka wanaume wakinikodolea macho, nami kichwa wazi, kiatu mguu mmoja. Baba alikuwa ameshaitoa fataki mfukoni.

"Baba, usipige! Ushatia mara mbili!"

"Mara moja," akasema. "Rudi juu, mwanangu. Waniaibisha."

"Tia mdeki basi. Ikiwa ni mara moja, nitawaomba radhi wote hawa."

Aliutia kwa hasira. Alama ikabaki juu ya mdomo, nje, kila mtu akiiona. Bwana harusi alicheka, hakuelewa. Baba aliitazama alama ile mpaka nikaingiwa na huruma. Kisha akairudisha fataki mfukoni, akaomba maji, akayamimina ndani ya mtutu hadi yakafurika.

"Leo halilii," akawaambia watu. "Nendeni, msikiti wangoja."

Baada ya pilau nilimkuta peke yake barazani. Nilimpenda mno, sikuweza kumwacha na aibu ile. Nikatafuta wa kumlaumu.

"Ni ami, baba. Amekukatiza na salamu zake ndefu."

"Si salamu." Alikuwa akijifuta baruti kwenye kucha, wala hakuniangalia. "Siku ya Idi hapakuwa na mtu wa kunisalimu. Nikashika pembe, nisijue kama nimetia au bado. Nikatia. Nikapiga."

Siku ya Idi nilisimama ubavuni pake. Kabla ya kufyatua alinisukuma nyuma, kwa nguvu, nikaegemea ukuta. Nikamnunia mchana kutwa.