Kufuli la Nje

Kila asubuhi, kabla jirani yake Oliva hajaenda sokoni, Benigna alifungiwa ndani ya nyumba yake kwa hiari yake mwenyewe. Oliva alipitisha kufuli kwa nje, akalibana, akalitikisa kidogo kuhakikisha, kisha akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga na kwenda zake. Mpita njia akiliona lile kufuli atasema mwenyewe hayupo. Na hicho ndicho Benigna alichokitaka, awe hayupo.

Tuanzie mbali kidogo. Nyumba hiyo ya vyumba viwili pale Bombambili alipangishwa na Mzee Polycarp wakati kitinda mimba wa mzee huyo bado ananyonya, na sasa kitinda mimba huyo ana mke. Waliafikiana kwa mdomo, mbele ya sahani ya ugali, na hakuna aliyewahi kudai zaidi ya hapo. Benigna alikuwa fundi wa masweta ya shule. Juni ya Songea haina huruma, mtoto asipovaa sweta atatetemeka mpaka saa nne, kwa hiyo kazi haikumkauka. Mashine yake ya kufumia ilikazwa kwa boliti juu ya meza nene ya mninga, na meza yenyewe seremala aliiundia mle mle chumbani kwa sababu haikuweza kupita mlangoni. Mzee Polycarp aliliona hilo akacheka, akasema basi mama huyu kashaolewa na nyumba.

Mzee alipofariki, mwanawe Fulgence ndiye aliyeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Alikuja na gari, akakataa kiti.

"Mama, jitayarishe. Hapa nataka kujenga fremu za maduka."

"Kodi nimempa mama yako mkononi, mwanangu. Mpaka Desemba."

"Mimi kwenye hesabu za mzee sijaiona." Akaondoka, na haukupita muda mrefu ikasikika kwamba amefungua shauri kwenye baraza la ardhi na nyumba.

Sasa hapa ndipo Benigna alipoharibu, na msimcheke. Alikuwa mtoto mdogo kule Mshangano baba yake alipoletewa karatasi ya kutia dole gumba. Mzee wa watu akatia, akamshukuru na aliyeileta, na mvua zilipoanza shamba lilikuwa linalimwa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo Benigna alijua jambo moja kuhusu karatasi za serikali, kwamba hazina nguvu mpaka mkono wako uziguse. Usipopokea, haijakufikia. Mtaani kwao wanaoamini hivyo ni wengi, wengine wana digrii ukutani.

Kwa hiyo mjumbe wao, Mzee Bakili, alipokuja na mtu wa baraza, Benigna alitokea mlango wa uani akajitosa kwenye mahindi ya Oliva. Walipokuja tena, akajitosa tena, na safari hiyo akatoka na upele wa kuwashwa shingo nzima. Ndipo Oliva alipotoa wazo la kufuli.

Kujificha ndani kulikuwa kubaya kuliko mahindi. Mashine ilikuwa na kelele, hivyo haikufumiwa. Jiko lina moshi, hivyo halikuwashwa. Alikaa kitandani na uzi wa bluu mapajani, ndoo ya haja ndogo pembeni, akikohoa ndani ya mto. Kila pikipiki ilipopunguza mwendo nje, alijifunika blanketi kichwani. Aliogopa, na kuogopa kwenyewe kulimchosha kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya.

Wakaja kweli. Alisikia hodi ya Bakili, mara ya kwanza, ya pili. Alisikia mtu wa baraza akisema, "Basi tubandike." Kisha kikafuata kitu ambacho hakukitegemea, kiganja cha mtu kikilainisha karatasi juu ya mbao, taratibu, usawa kabisa wa uso wake alipokuwa amesimama nyuma ya mlango. Alizuia pumzi mpaka hatua zikaisha.

Jioni Oliva akafungua. "Da Benigna, wamebandika."

"Usiiguse."

"Imeandikwa kwamba..."

"Nyamaza, Oliva. Usinisomee."

Oliva naye alikuwa mwoga, na mwoga akikatazwa jambo hutii haraka. Karatasi ikabaki pale mlangoni. Waenda sokoni waliisoma, wauza maandazi waliisoma, wanafunzi waliisoma kwa sauti wakijifunza maneno mapya. Mwenye kuandikiwa peke yake ndiye aliyeingia na kutoka akiwa amegeuza uso upande wa pili.

Jumamosi ilikuwa zamu ya kwake kupokea jumuiya. Kina mama wakafika na rozari zao, wakakuta kufuli, wakanong'ona. Mmoja wao akaanza kuisoma ile karatasi kwa sauti ya kanisani, ile inayofika mpaka benchi la mwisho. "Unatakiwa kufika mbele ya baraza bila kukosa..." Benigna ndani akatia vidole masikioni. Akaanza Salamu Maria kimoyomoyo, akaiunganisha na nyingine bila kuvuta pumzi, ili siku na saa visipate pa kupita. Na kweli havikupita. Alipotoa vidole, wenzake walikuwa wanasali nje ya mlango wake, wakimwombea aliye safarini. Alilia pale, kwa sababu hakuwahi kujiona mbali na watu namna hiyo.

Siku chache baadaye Oliva alisimama mlangoni asubuhi na kufuli mkononi, muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Da Benigna. Nifunge?"

"Funga."

"Hata leo?"

"Leo kuna nini?"

Oliva alifungua mdomo, akakumbuka alivyokatazwa. Akatazama karatasi, akamtazama mwenzake. Akafunga.

Siku hiyo ilipita kimya, hata pikipiki hazikusumbua, na Benigna akajidanganya kwamba mambo yameanza kupoa. Baadaye ikabandikwa karatasi nyingine juu ya ile ya kwanza, fupi zaidi, yenye mhuri mwekundu. Hiyo nayo hakuitazama. Usingizi ulimkimbia, akawa anashtuka hata paka akiruka kwenye bati.

Halafu asubuhi moja, kupitia upenyo wa dirisha, aliona lori aina ya Kenta likirudi nyuma kuelekea mlangoni kwake. Wanaume wakashuka. Mmoja alikuwa na mtaimbo. Alikuwapo pia mtu mwenye koti na faili kwapani, dalali wa baraza, na nyuma yake Mzee Bakili akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama Benigna," Bakili akaita. "Upo?"

Benigna aliikumbatia mashine yake.

"Hakuna mtu, kufuli hilo hapo," dalali akasema. "Vunjeni."

Mtaimbo ulipiga mara moja na vumbi likamwagika kutoka kwenye fremu ya mlango. Uliponyanyuliwa tena, kitu kilimtoka kooni kabla hajakiruhusu.

"Nipo."

Mtaimbo ukabaki hewani.

"Nipo humu. Nimefungiwa."

Oliva akapigiwa simu, akaja mbio kutoka sokoni bila kiatu kimoja, na ufunguo ukamponyoka alipoutoa kwenye pindo la kanga. Mlango ulipofunguka Benigna alitoka akiziba macho kwa mwanga. Wabebaji wakaingia, wakaanza kutoa godoro, masufuria, maroba ya uzi.

Bakili akamvuta pembeni. Alizungumza kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza.

"Pole, mama. Lile neno ulilolisema sasa hivi, siku ile lilikuwa linatakiwa barazani. Karani alitoka nje akakuita mara tatu. Mjane wa Mzee Polycarp alikuwa pale kwenye benchi, katoka Hanga alfajiri na mwili wake ule mgonjwa, aje aseme kodi aliipokea yeye. Mbele ya mwanawe wa kumzaa. Kila ulipoitwa alitazama barabarani."

"Hakusema?"

"Angesemaje? Alikuwa shahidi wako, na wewe hukuwepo wa kumwita. Shauri likasikilizwa upande mmoja. Ungekuwepo, mimi sioni wangekutoaje kabla ya Desemba."

Benigna alikaa chini, pale pale kwenye udongo. Alikuwa amekimbia karatasi iliyokuwa ikimwita aende kusema tu kwamba kalipa.

Mle ndani wanaume walikuwa wanabishana. Meza ilikataa kupita mlangoni, kwa urefu ilikataa, kwa ubavu ilikataa. Dalali akasema haya, leteni msumeno.

Bakili alitoa karatasi mfukoni, nakala ya uamuzi. "Unaweza kuomba usikilizwe upya. Ila uende mwenyewe, na ina siku zake. Zikipita ndiyo basi."

Mikono ya Benigna ilikuwa imejificha chini ya kanga, yenyewe, kama ilivyozoea. Aliitazama ile karatasi na hofu ikampanda upya, hofu ile ile ya Mshangano, dole gumba la baba yake likiwa limelowa wino. Ndani, msumeno ulianza kuikata miguu ya meza.

Akautoa mkono, akaipokea.

"Oliva," akasema, "nisomee yote. Tarehe uirudie."