Ndoo ya Kifuniko Chekundu

Juzi, sokoni Thika, niliona ndoo nyeupe yenye kifuniko chekundu, na papo hapo nikasikia harufu ya chapati.

Mama alikuwa na ndoo kama hiyo kwetu Ngoingwa. Kila mwezi, hata mshahara ukiwa mdogo, kikombe cha kwanza cha unga wa ngano kiliingia mle kabla hatujapikiwa chochote. Mimi nilijua ni wa Krismasi. Siku ndoo ilipojaa, niliruka jikoni nikipiga makofi.

"Beba mafuta, twende kwa Mama Njeri," Mama akasema.

Huyo alikuwa jirani yetu, na kiwanda kilikuwa kimemsimamisha kazi. Alipofunua ndoo aliyopewa na Mama alisema, "Ngai! Mungu wangu!" akamkumbatia Mama, kisha akawasha jiko. Chapati zikalia chwaa kwenye kikaango, moshi ukajaa nyumba, nasi watoto tukapigania ya kwanza huku tukiungua vidole.

Jioni nilimkimbilia Baba mlangoni, midomo ikiwa bado inang'aa mafuta. "Baba! Mama Njeri si mchoyo hata kidogo! Ametupikia chapati, na hata si Krismasi!"

Mama alikuwa akiisuuza ile ndoo. "Ni kweli," alimwambia Baba. "Yule mama ana roho safi."